Vidole Vitatu vya Vernell

Tangu upepo ule uangushe nguzo za umeme, Clovis Hargett hakuweza kukaa mbali na friza yake. Ilikuwa kwenye baraza ya nyuma, friza nyeupe ya kulala chali, imeshika kutu miguuni, na kila alipoipita alijiapiza kwamba hatafunua, kisha akafunua. Alijua fika kwamba akifunua anaingiza joto. Lakini mkono haukumsikia. Ulipita juu ya kambare walioanza kulegea, ukapita maharage ya mwaka juzi, ukaenda moja kwa moja chini pembeni, kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa fundo. Akauminya. Chini bado kugumu. Pembeni pameanza kunyevuka.

Ndani ya mfuko ule mlikuwa na mikate ya mkewe, Vernell. Vernell mwenyewe alikuwa nyuma ya kanisa la Mount Nebo, chini ya udongo, tangu kiangazi cha mwaka jana.

Ilikuwa mikate ya mahindi ya kukaanga, ile ya maji moto, ambayo upande ule wa Mississippi huliwa na maharage, na samaki, na mboga za majani, na wakati mwingine haina cha kuliwa nacho ikaliwa yenyewe. Vernell hakuwa mtu wa kupima. Alimwaga unga mweupe kwenye bakuli, akatia chumvi, na sukari hata chembe. Anayetia sukari alimwambia akapike keki. Birika likianza kupiga kelele hakulipa nafasi ya kutulia. Alimimina maji yakitokota, mwiko ukazunguka, unga ukajivuta ukawa bonge. Kisha alichovya mikono katika maji baridi asiungue, akachota kipande, akakipigapiga kutoka kiganja hiki kwenda kile mpaka kikawa bapa. Kabla ya kukitia kwenye mafuta ya nguruwe yaliyokolea moto, alibonyeza vidole vitatu katikati.

Kila mwanamke wa mtaa ule alikuwa na alama yake. Jirani yao Ozella Battle alibonyeza vidole viwili. Mama yake Clovis alipiga kiganja kizima kama anayemwapiza mtu. Siku za mazishi, sahani zikishachanganyikana kwenye meza ya kanisani, watu walitazama tu wakajua mkate huu ni wa nani, na wakajua wa kuukwepa. Wa Vernell ulikuwa na vidole vitatu, na cha tatu kimepinda. Mashine ya kiwanda cha samaki ilikivunja akiwa bado msichana, na daktari wa kiwanda akakifunga kwa plasta, akamrudisha kwenye foleni ya kuchuna kambare siku ileile.

Kifua kilipoanza kumwelemea, Vernell alipika lundo la mikate, akaikaanga nusu, akaigandisha. "Nikilazwa usije ukafa njaa ukanitia aibu," alisema. "Unachotakiwa kufanya ni kuwasha jiko. Nadhani hilo hata wewe unaliweza."

Hakulazwa popote. Hospitali ya kaunti, ambayo paa lake ungeweza kuliona kutoka barazani kwao, ilikuwa imeshafungwa na baraza la kaunti mwaka mmoja kabla. Gari la wagonjwa likaja kutoka kaunti ya jirani, likapotea njia, likamchukua Vernell kuelekea mjini, na Vernell akafa barabarani, ng'ambo kidogo ya daraja, Clovis akiwa amemshika mguu kwa sababu hapakuwa na nafasi ya kumshika mkono.

Miezi ya kwanza Clovis aliila mikate ile bila kufikiri, kama mtu anayemeza vidonge. Siku moja alikuwa ameushika mmoja, mdomo wazi, akakiona kile kidole kilichopinda. Akaufunga mdomo. Akaurudisha mkate frizani. Ilikuwa imebaki mitano, na tangu siku hiyo hakuna aliyeigusa.

Sasa joto lilikuwa limekaa juu ya mji kama blanketi lililolowa, na umeme haupo.

"Umeanza tena kumpapasa marehemu, shemeji."

Ozella alikuwa upande wa pili wa uzio wa waya, ameweka kikaango chake cha chuma juu ya moto uani. Mtaa mzima ulikuwa unapika. Ndivyo ilivyokuwa kila baada ya upepo: friza zikianza kuvuja, kila mtu anatoa alichonacho, kinapikwa kabla hakijaoza, na anayepita analishwa. Moshi wa nyama ya paa na mbavu za nguruwe ulitembea nyumba kwa nyumba.

"Nilikuwa naangalia samaki," Clovis alisema.

"Samaki wamekaa juu. Wewe umeinama mpaka miguu imeacha sakafu. Ilete hiyo mikate nikukaangie, mafuta yangu yameshashika moto."

"Sitaki."

"Itaoza."

"Ikioza sitakuwa mimi niliyeiozesha. Ni wao."

"Wao gani tena?"

Clovis akaelekeza kidevu upande wa reli. Ng'ambo ya reli ndiko kulikokuwa na mahakama, benki, na nyumba zenye nguzo za mbao zilizopakwa rangi nyeupe. Magari ya mafundi wa umeme yalikuwa yakipita mbele ya mlango wake tangu juzi, yote yakielekea kule. Usiku uliotangulia taa za kule zilikuwa zimewaka, na watu wa mtaa wake walikaa barazani gizani wakizitazama, wakijipepea kwa vipande vya maboksi.

Asubuhi ile alikuwa amelisimamisha gari moja. Fundi alikuwa kijana mzungu, mwekundu shingoni kwa jua, na hakuwa na ubaya wowote usoni.

"Mtaa huu lini?" Clovis alimuuliza.

"Mzee, sisi tunakwenda tunakopangiwa."

"Na anayekupangia anakaa wapi?"

"Makao makuu, nadhani."

"Ana barafu kwenye glasi yake?"

Kijana akacheka, akidhani ni utani, akampungia mkono, akaenda zake.

Ozella akageuza samaki wake. Aliongea bila kumtazama.

"Dexter Pruitt ana jenereta."

Clovis akafunga kifuniko cha friza.

"Inanguruma tangu juzi. Watu wanampelekea dawa zao za sukari awatunzie. Na vyakula. Ana friza mbili kwenye banda la gari."

"Nilisema sikanyagi kwa Dexter."

"Ulisema, tukasikia. Friza yako nayo inasemaje?"

Dexter Pruitt alikuwa diwani wao. Mtoto wa mtaa huohuo, mweusi kama wao, aliyelelewa na bibi asiyejiweza, na mara nyingi akirudi shule alipitia jikoni kwa Vernell kwa sababu kwao hakukuwa na kitu jikoni. Walimpigia kura wakisema angalau huyu anatujua. Siku ya kuamua habari ya hospitali, Clovis na Vernell walikwenda wakakaa viti vya nyuma. Mwenyekiti aliuliza wanaotaka ifungwe, na mkono wa Dexter ukapanda pamoja na mingine. Haukupanda kwa haraka. Lakini ulipanda. Vernell akasema, "Hajala vizuri leo, ndiyo maana," na hilo ndilo neno baya kuliko yote aliyowahi kumsema.

Jua lilipoanza kuelekea magharibi, Clovis aliuminya mfuko tena. Sasa hata chini kulikubali kidole.

Akachukua ndoo. Akatia barafu iliyobaki, ambayo ilikuwa maji zaidi kuliko barafu, akaufunga mfuko kwa magazeti mpaka ukawa kama mtoto mchanga, akautia ndani. Pikapu yake haikuwa na mafuta, na vituo vya mafuta visingeweza kuvuta bila umeme. Akaenda kwa miguu, akavuka reli mpaka kwa Dexter, ukingoni kabisa mwa upande ule, ambako taa zilikuwa hazijafika, mkono mmoja umebeba ndoo na mwingine umefunika mdomo wa ndoo jua lisiingie.

Uani kwa Dexter kulikuwa kama sikukuu. Viti vimetandazwa, moshi unafuka, watoto wanakimbizana na jenereta inapiga kelele nyuma ya nyumba. Dexter alikuwa amesimama kwenye jiko la mkaa, amevaa aproni yenye jina lake mwenyewe kifuani, ileile ya siku za kampeni. Mkewe, Rochelle, alikuwa mlangoni pa banda la gari anapokea vitu. Dawa aliziweka kwenye friji ndogo, kila moja na jina la mwenyewe limebandikwa. Vyakula alivitia kwenye friza kubwa bila jina lolote, kwa sababu chakula kilicholetwa uani baada ya upepo hakina mwenyewe. Ni cha waliopo. Clovis aliyaona hayo yote kwa macho yake, na alikuwa anayajua tangu hajaota meno.

"Mzee Hargett," Rochelle alisema, na uso wake ukalainika. "Hatukukutegemea. Karibu. Umetuletea nini?"

"Mikate."

"Ya maji moto? Asante, baba. Hiyo hatuna."

Hapo ndipo angesema. Lakini kwenye viti vya karibu walikuwa wamekaa wanaume aliofanya nao kazi kiwandani, wamenyoosha miguu, wana chupa mkononi, na wote walikuwa wamegeuka kumtazama, kwa sababu wote walijua alivyoapa. Angesema nini mbele yao? Kwamba yeye, mzee mzima, amevuka reli na mikate ya marehemu ambayo hataki iliwe? Kwamba anaomba atunziwe alama za vidole? Aliwasikia wakicheka kabla hawajacheka. Mmoja wao, Tyree Stamps, alikuwa ameshaanza: "Ndoo hiyo umebeba, Clovis, au umebebeshwa?"

"Iweke chini kabisa," Clovis alimwambia Rochelle.

Rochelle akauchukua mfuko kwa mikono miwili, akautoa magazeti, akauingiza. Friza ile ilikuwa na mvuke wa baridi uliomfikia Clovis shingoni.

Dexter akaja na sahani, mbavu mbili juu yake.

"Mzee wangu. Nilikuwa nataka siku moja nije tuongee."

"Barabara ilikuwa wazi."

"Najua." Dexter akaitazama sahani. "Ile hospitali ilikuwa imeshakufa, mzee. Fedha za serikali walizikata juu huko. Sisi tuliizika tu."

"Mimi niliyemzika ni mwingine."

Dexter akamnyooshea sahani.

"Kula basi japo kidogo."

"Nimeshiba," Clovis alisema, na tumbo lake halikuwa limeona kitu tangu asubuhi. Akachukua ndoo yake tupu akaondoka.

Usingizi wa siku ile ulikuwa mzuri, jambo lililomshangaza. Alilala akijua mikate iko salama, katika baridi, chini kabisa. Alimkasirikia Dexter kidogo kuliko siku zote, na hilo nalo lilimkasirisha.

Umeme ulirudi kesho yake baada ya chakula cha mchana. Friji ya jikoni ilishtuka, redio iliyosahauliwa ikaanza kuimba peke yake, na mtaa ukapiga makofi. Clovis hakupiga. Aliigusa friza ya barazani, akaisikia inatetemeka chini ya kiganja, akachukua ndoo, akatoka bila kofia.

Kwa Dexter walikuwa wanaosha masufuria. Gari la mafundi lilikuwa limeegeshwa kivulini, na mafundi wamekaa nyuma yake wanamalizia sahani zao, miguu inaning'inia. Yule kijana mwekundu shingoni alimwona kwanza.

"Mzee, umeona? Tumekuwashia." Akainua alichokuwa amekishika, kama anayemtakia afya njema, akatia mdomoni.

Kilikuwa kipande cha mkate wa mahindi. Clovis alikuwa mbali, na macho yake hayakuwa ya ujana, lakini mkate ule angeutambua hata gizani. Kwenye ukingo uliobaki palikuwa na kibonyeo, na kibonyeo kimepinda. Kijana akatafuna, akafuta vidole kwenye suruali.

Clovis akaenda moja kwa moja bandani, akaifunua friza, akaingiza mkono mpaka begani. Mlikuwa na mfuko mmoja wa kuku na maji yaliyoganda.

"Mzee Hargett." Dexter alikuwa nyuma yake. Hakuwa amevaa aproni. Macho yake yalikuwa mekundu, na si kwa moshi. "Ningekuja kwako jioni. Nilikuwa nataka nikushukuru mbele ya watu, lakini Rochelle akasema twende nyumbani kwako, kwa heshima."

"Iko wapi?"

"Nini?"

"Mikate."

"Tumeikaanga asubuhi, na mafundi walipofika..." Dexter akasita. "Nilipoitoa mfukoni niliijua. Kile kidole. Nilikaa chini, mzee. Nilikula mkate ule kila siku ya Mungu nikiwa mtoto, bibi yangu hana hata chumvi. Nikasema, huyu mzee amekaa nayo mwaka mzima, na leo ameniletea mimi. Nikasema amekuja kunisamehe kwa mkono wa mwenyewe Vernell. Nikala mmoja. Nilishindwa kuumeza vizuri. Mingine nikawapa hawa vijana kwa sababu ndio waliotuletea taa, nikaona yeye angefanya hivyo."

Angefanya hivyo kweli. Clovis alilijua hilo, na kulijua kulimchoma zaidi.

"Ilikuwa mitano," alisema.

"Ungesema neno moja tu, mzee. Neno moja."

"Na wewe siku ile ungekaa kimya mkono wako chini. Hata neno usingehitaji."

Rochelle alikuwa amesimama na sufuria lenye povu, hajui aliweke wapi.

"Uliulia mkono gani?" Clovis aliuliza.

"Sijakuelewa."

"Mkate. Uliushika kwa mkono gani? Ndio huohuo uliouinua?"

Dexter akautazama mkono wake wa kulia, akaushusha polepole, akaufunga. Clovis akaokota ndoo yake. Alipopita kwenye gari, yule kijana alimwambia kwaheri, na Clovis akamwitikia kwa kichwa tu. Huyu alipangiwa na wengine, na aliletewa sahani akala.

Ozella alikuwa amekaa kwenye ngazi za baraza ya Clovis. Aliitazama ndoo, akamtazama uso.

"Imeliwa," alisema. Hakuwa anauliza.

"Imeliwa."

"Na nani?"

"Dexter. Na mafundi."

Ozella alivuta pumzi kana kwamba anataka kusema angalau haikuoza. Kisha akamtazama tena akaimeza.

Clovis akaingia jikoni. Unga ulikuwa kwenye kopo palepale Vernell alipouacha, na alikuwa ameununua mwingine mara moja tu, akaumwagia juu ya ule wa zamani. Akautia bakulini. Akatia chumvi. Birika lilipoanza kutoa mvuke akalimimina, akakoroga, akashika bonge likamwunguza, akalitupa kwenye mafuta. Likaachana palepale. Kikaango kizima kikajaa chenga zinazoelea, kama mtu amemwaga mchanga.

"Maji hayakuchemka," Ozella alisema kutoka mlangoni.

"Yamechemka."

"Yalikuwa moto. Subiri yakasirike. Na chovya mikono kwanza kwenye ya baridi, wewe si shetani."

Alimwaga chenga nje, akaanza upya. Safari hii aliliacha birika lipige kelele mpaka kifuniko kikarukaruka. Unga ukajivuta. Akachovya mikono, akapigapiga, akapata kitu bapa, kinene upande mmoja. Akakiweka kwenye kiganja na kubonyeza vidole vitatu katikati.

Viliacha mashimo mapana, yaliyonyooka, kama nyayo za ng'ombe kwenye tope. Akakivuruga, akakipigapiga tena. Akakunja kidole chake cha tatu kwa mkono mwingine, akakilazimisha kupinda mpaka kiungo kikalia, akabonyeza. Likatoka tundu tu. Akavuruga. Akajaribu kwa ncha ya kijiko. Akavuruga. Unga ulikuwa umeanza kupoa na kupasuka pembeni.

"Shemeji," Ozella alisema taratibu. "Kaanga."

Akaukaanga ukiwa mtupu, haukuwa na alama yoyote. Uliiva. Ulikuwa mgumu nje na laini ndani, haukuachana. Akauvunja vipande viwili, akampa Ozella kimoja, wakala wamesimama, mafuta yakitulia jikoni. Ulikuwa mkate wa mtu yeyote.

"Chumvi imezidi," Ozella alisema.

"Najua."

Alipokwisha kuondoka, Clovis alikwenda barazani. Friza ilikuwa inanguruma kwa bidii, inapoza kambare waliooza na maharage ambayo hakuna atakayeyala. Aliisikiliza kwa muda. Umeme wao ulikuwa umefika, mwingi, wa kutosha. Akainama taratibu kwa sababu ya mgongo, akatafuta waya nyuma kwenye vumbi, akauchomoa ukutani. Kisha akaacha kifuniko wazi.